Nchi ya Pumzi Moja

Nchi hii ninayoisimulia haipo. Mtu akikuuliza iko upande gani, mjibu haipo, na umjibu upesi kabla hujavuta pumzi ya pili, kwa sababu huko ambako haipo, anayevuta pumzi ya pili ni mwongo kwa mujibu wa sheria.

Sheria yenyewe ilizaliwa kwa heri kabisa. Mtukufu wetu, kabla hajaanza kuitwa Baba wa Wepesi, alikuwa ameketi ukumbini akimsikiliza msomi mmoja akieleza kwa nini mvua zimechelewa. Msomi alianza na jua, akashuka baharini, akarudi na upepo, akapanda milimani, na alipofika kwenye misitu na nani aliyeikata, Mtukufu alikuwa amelala zamani. Akaanguka. Kishindo kilisikika hadi jikoni. Wakamnyanyua, wakampangusa vumbi, naye akauliza, "Nimeanguka kwa nini?"

Msomi, maskini, akasema, "Mheshimiwa, hapo kuna mambo ya kuzingatia. La kwanza, chakula cha mchana..."

"Kiti," akasema mpambe aliyesimama nyuma.

Neno moja tu. Mtukufu akamtazama yule mpambe kama Hajiri alivyokitazama kisima jangwani. Jioni ile mpambe akawa waziri. Kiti kikakamatwa, kikasomewa shitaka, na kwa kuwa hakikuwa na la kujitetea, kikafungwa. Msomi naye alipelekwa mahali, na hajarudi kutueleza ni wapi.

Kesho yake Mtukufu alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Ukweli ni mwepesi. Uongo ndio mzito, ndiyo maana hubebwa na maneno mengi. Wasomi wenyewe wanakiri kwamba maelezo mawili yakishindana, na yote mawili yakafaa, tuchukue yaliyo mepesi. Mimi nimewarahisishia hata hilo: hayo ya kufaa tuyaache, tuchukue mepesi! Mungu alisema 'Iwe nuru', pumzi moja, ikawa!"

Tulipiga makofi hadi viganja vikawasha. Mimi nilikumbuka kwamba kazi ile ilimchukua siku sita na ya saba akapumzika, lakini siku sita hazikuwamo katika hotuba, nami si mtu wa kuingiza maneno katika hotuba za watu.

Tangu hapo kila wilaya ikapewa Baraza la Sababu. Likitokea jambo, anayejua sababu yake husimama mbele, na ofisa aitwaye Mshika Unyoya humshikia unyoya wa kuku mweupe chini ya pua. Unaposema, unyoya hulalia nje. Ukivuta pumzi, hugeuka kuelekea puani, na ofisa hupaza sauti, "Imekwisha!" Uliyoyasema kabla ya hapo ndiyo maelezo. Yaliyobaki tumboni ni uongo, uende nayo nyumbani. Na ikitokea watu wawili wametoa sababu mbili tofauti, na zote zimetosha katika pumzi moja, basi mshitakiwa huachiwa, kwa kuwa sheria haipendi kusumbuka. Lakini hilo lilikuwa halijawahi kutokea, kwani waliokuwa na maelezo ya kweli walikuwa hawana pumzi.

Na sababu ikishapatikana, hufungwa. Huko makao makuu ya wilaya ilijengwa Nyumba ya Sababu, na ndani yake wakawekwa waliosababisha. Kiti cha Mtukufu kililetwa kwetu kwa heshima. Daraja letu lilipoanguka mwaka ule ule lilipojengwa, mhandisi alianza kusema habari ya saruji na mchanga, unyoya ukageuka, na mwenye zabuni akasema, "Mto." Mto haukamatiki, basi askari wakateka ndoo moja wakaifunika na kuipiga lakiri, nayo ikaanza kutumikia kifungo. Palikuwa pia na jogoo mmoja aliyewika siku jua lilipopatwa.

Tulizoea. Binadamu huzoea. Daktari wa zahanati alikuwa na magonjwa mengi ya kutaja, sasa akabaki na homa. Mwalimu Ipyana, mwalimu mkuu wa shule yetu, ambaye ana pumu tangu utotoni, alishindwa kesi ya mbuzi wake mwenyewe. Jirani alisema, "Wangu." Mwalimu akasema, "Mbuzi huyu nilimpata kwa..." na unyoya ukageuka. Mbuzi aliondoka huku akimtazama mwalimu, na sisi tukatazama pembeni.

*

Aliyefaidi sheria ile kuliko wote ni Ambokile. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisani kwetu. Alfajiri ya Pasaka, tukienda makaburini, Ambokile alikuwa akishika noti moja mpaka wazee wanafumbua macho katikati ya sala kutazama kama bado yu hai. Serikali ikasikia habari za kifua kile. Wakamvisha koti, wakampa gari lenye bendera, wakamwita Msemaji wa Sababu wa Wilaya. Alikuwa akiulizwa kwa nini barabara haijaisha, anavuta pumzi, anaanza na enzi za babu zetu na kumalizia na shukrani kwa Mtukufu, na unyoya umelala nje vile vile kama bendera kwenye upepo.

Kifua kile hakikuota chenyewe. Mama yao alipofariki, Ambokile alikuwa bado anatambaa, na dada yake Tusajigwe ndiye aliyemlea. Alimlisha uji wa ulezi asubuhi na jioni, hata akachelewa kuolewa, na mwishowe hakuolewa. Tusajigwe huyu ndiye aliyekuwa akipika uji wa watoto pale shuleni. Tulisali pamoja jumuiya moja. Ukimwambia, "Dada, pumzika," anakwambia, "Nitapumzika nikifa, na hata huko nimesikia kuna kuimba."

Basi watoto wakaanza kuharisha. Si mmoja, si wawili. Darasa zima linaomba ruhusa, na choo ni kile kile. Mtoto wa kwa Mama Sekela, jirani yangu, akakauka mpaka macho yakaingia ndani. Baraza likaitwa.

Mkuu wa Wilaya, Bwana Kajigili, alisimama mwenyewe. Ni mtu mnene mwenye sauti laini, na ndiye mwenye machinjio mapya, yale aliyoyahamishia kule juu karibu na chemchemi inayotuletea maji ya bomba.

"Watoto wanaumwa tumbo," akasema. "Tumboni kumeingia nini? Uji. Uji kapika nani? Wananchi wenzangu, nami sasa natoa sababu." Mshika Unyoya akasogea. "Tusajigwe."

Makofi. "Mmeona?" akasema Bwana Kajigili. "Unyoya hata haukutikisika. Huo ndio wepesi!"

Tusajigwe alikuwa amekaa mbele na mwiko wake mapajani, maana walimtoa jikoni. Akainuka. Akasema, "Ni maji."

Ilikuwa pumzi moja, na mimi nilifikiri, Bwana asifiwe, yamekwisha. Zote mbili zimetosha.

Bwana Kajigili akainamisha kichwa upande, kwa upole kama mganga. "Maji gani, mama? Yamefanyaje? Yameharibiwa na nani? Yamepitia wapi mpaka yakaharibika? Huwezi kutupa neno tu hapa, hii ni nchi ya sheria."

Tusajigwe akavuta pumzi ili ajibu.

"Imekwisha!"

Maji yakahesabiwa hayakutosha, na hakuna aliyeuliza Tusajigwe naye amefanyaje. Nimelitafakari hilo mara nyingi nikiwa peke yangu. Neno likielekea chini kwa mnyonge, ni jepesi, linakwenda lenyewe kama jiwe mtelemkoni. Neno hilo hilo moja likielekea juu, linadaiwa ngazi.

*

Mama Sekela hakuridhika. Ni mtu wa mdomo, na mtoto ni wake. "Mheshimiwa," akapaza sauti, "wangu hajaanza shule! Uji wa shule hajui hata rangi yake!"

Bwana Kajigili akaahirisha baraza, na walipokutana tena alikuja na pumzi nyingine: "Tusajigwe hupita nyumba kwa nyumba." Makofi. Mtu mmoja akasema ndama wa ng'ambo ya bonde nao wanaharisha. Pumzi: "Ana ndugu huko." Kweli, nani hana ndugu ng'ambo ya bonde? Makofi. Akatokea mzee mwingine akakumbusha kwamba wiki ile ya msiba wa shangazi yake, Tusajigwe hakuwapo kabisa, alisafiri, na watoto waliharisha vile vile, tena zaidi. Hapo Bwana Kajigili akafikiri kidogo.

"Upepo," akasema.

"Upepo gani?" akanong'ona Mama Sekela.

"Nyamaza," nikamwambia, "usije ukawa wewe."

Maana kila pumzi ilihesabiwa peke yake, na kila moja ilikuwa fupi, na sheria haikusema popote kwamba zijumlishwe. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini viraka navijua. Marehemu mume wangu alikuwa na suruali moja ya kulimia niliyoitia viraka mpaka siku moja akaniuliza, "Mama Bupe, suruali yenyewe iko wapi humu?" Ile sababu ya Bwana Kajigili ilikuwa hivyo. Ilianza neno moja, na kufikia hapo ilikuwa na miguu ya kupita nyumba kwa nyumba, na ukoo ng'ambo ya bonde, na mabawa ya upepo. Lakini ukiuliza, wanakwambia ni jepesi, ni neno moja tu.

Mwalimu Ipyana alikuja kwangu na Tusajigwe, aliyekuwa bado nje akingoja hukumu. Tukakaa jikoni. Alieleza polepole, anasimama, anapumua kwa filimbi yake kifuani, anaendelea. Greda la wilaya lilipokuwa likichonga barabara ya kwenda machinjioni lilikanyaga bomba, bomba likapasuka. Machinjio nayo yanamwaga uchafu mtelemkoni. Siku ya kuchinja, damu na mavi ya ng'ombe vinaingia kwenye ule ufa, na kesho yake watoto wanaharisha. Waliokunywa uji na wasiokunywa. Ndama nao, maana mfereji wao ni ule ule. Tusajigwe alipokuwa msibani, ilikuwa wiki ya sikukuu, walichinja sana.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna kingine cha kuongeza? Upepo?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna cha kuongeza, mama. Ndiyo uzuri wake. Ni ndefu kuisema, lakini ukishaisema imekwisha, hairudi kukuomba kitu."

Tukatazamana. Nani ataisema? Mwalimu na pumu yake? Mimi na goti langu na pumzi ya kupandia mlima wa kanisa tu? Tusajigwe akatazama moto. Yeye alikuwa amekwisha kumjua, ila hakutaka kuwa wa kwanza kumtaja mdogo wake.

*

Ambokile alikuja na gari lake lenye bendera, akaliacha mbali, akaja kwa miguu. Alimsikiliza Mwalimu mara moja tu. Alikuwa na machozi.

"Dada, nitasema mimi. Ndugu wa mshitakiwa anaruhusiwa. Pumzi ninayo. Nikimaliza, zitakuwa sababu mbili, na watakuachia."

"Usiape, mdogo wangu," akasema Tusajigwe. "Kula kwanza."

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Nilimsikia Ambokile yuko sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu, anafanya mazoezi. Alivuta pumzi, nikasikia kama mapazia yanavutwa, kisha akasema yote: watoto, maji, bomba, greda, barabara, machinjio, chemchemi, jina la mwenye machinjio, ndama, msiba, sikukuu. Yote. Na pumzi ikabaki, akamalizia "Amina". Nilisimama na ufagio wangu nikamshukuru Mungu. Nasema hili ili asije mtu akadhani alishindwa. Kifua kilitosha.

Baraza likajaa mpaka madirishani. Ambokile akasimama kwenye koti lake la serikali. Mshika Unyoya akauweka unyoya. Ambokile akavuta pumzi, ile ya Pasaka, tukaona vifungo vya koti vikikaza.

"Watoto wanaumwa," akasema, "kwa sababu wanakunywa maji, na maji..."

"Naam, mwanangu," akasema Bwana Kajigili, laini kabisa, huku akipangusa miwani. "Maji ya nani?"

Hakumkataza. Hakumtisha. Aliuliza tu, kisha akageuka kutazama dirishani, kule nje liliposimama gari lenye bendera.

Ambokile alibaki kinywa wazi. Halafu tukasikia: *fuuuuu*. Ilikuwa pumzi. Ile pumzi yote kubwa ilikuwa inatoka bila neno ndani yake. Unyoya ulikuwa umelalia nje, umetulia, na kwa sheria yetu unyoya ukilalia nje, mtu bado anaeleza. Basi Mshika Unyoya hakuweza kupaza sauti, wala Bwana Kajigili hakuweza kumkatiza, wala sisi hatukuweza kuondoka. Tukakaa kwa heshima, ukumbi mzima, tukisikiliza hewa. Ilidumu. Mungu anisamehe, niliwahi kuhudhuria misiba mifupi kuliko pumzi ile. Mtu alikohoa akatazamwa vibaya. Mimi nilitazama viatu vyangu, na nilipoinua jicho kidogo nikaona kila mtu anatazama vyake, mpaka askari.

Ilipokwisha, unyoya ukageuka.

"Imekwisha!"

"Tumesikia maelezo kamili ya upande wa pili," akasema Bwana Kajigili. "Baraza linayaona hayana uzito."

Tukapiga makofi. Viganja vyangu navyo vilikuwamo.

Askari walipomchukua Tusajigwe, alipita karibu na mdogo wake. Koti lilikuwa limefunguka kwa ile pumzi. Akamfunga kifungo cha juu. "Jifunike," akamwambia, "utashikwa na kifua."

*

Sasa sikilizeni jinsi nchi hiyo isiyokuwapo ilivyo na bahati. Baada ya Tusajigwe kufungwa, watoto walipona.

Walipona wote, hata wa Mama Sekela alinenepa. Bwana Kajigili akaita mkutano akatangaza, pumzi moja: "Ameondoka, wamepona!" Akapewa nishani. Wageni walikuja kutoka wilaya nyingine kujifunza wepesi wetu.

Ila mimi nina kawaida ya kutazama. Nilianza kuona moshi. Ilikuwa alasiri, saa ambayo hakuna mtu anayepika, na moshi unatoka kila jiko. Nikaenda kwa Mama Sekela. Mlango wa jikoni umefungwa, jua lote lile. Nikabisha.

"Unapika nini, jirani?"

"Chai."

"Sufuria lote hilo?"

"Tunapenda chai." Akanitazama. "Na wewe, mbona nimeona moshi kwako tangu asubuhi?"

"Chai," nikasema.

Tukacheka kidogo, kicheko cha kuishia shingoni. Kuni zikapanda bei. Mshika Unyoya nilikutana naye anatoka msituni na mzigo wa kuni kichwani, akaniamkia bila kuinua macho. Na siku moja nikipita nyuma ya nyumba ya Bwana Kajigili mwenyewe nikaona jikoni kwake moshi, na kwenye baraza mitungi imepangwa, imefunikwa vitambaa safi, inapoa.

Mji mzima ulikuwa unachemsha maji. Sisi tuliopiga makofi, na yeye aliyehukumu. Na kwa kuwa tulichemsha, watoto walipona, na kwa kuwa walipona, Tusajigwe ndiye alikuwa sababu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini anachemsha. Tulikuwa watu wenye adabu.

Pasaka ilipofika, Ambokile alipanda makaburini na tarumbeta lake. Alilileta mdomoni, kifua kikapanda, na likatoa hewa tu. Tukaanza wimbo bila tarumbeta, kwa sauti za chini, nyuso zimeelekea udongoni kana kwamba tumeangusha kitu.

Nikaona haya zaidi ya nilivyoweza kusali nayo. Nikapika uji wa ulezi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaenda Nyumba ya Sababu siku ya kuwatazama wafungwa. Ni chumba kimoja, safi, amekifagia mwenyewe. Kwenye kona ipo ndoo ya mto na lakiri yake. Jogoo amezeeka, hawiki tena, amejifunza. Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Alifurahi kuniona. Akaulizia goti langu, akaulizia kwaya, akauliza Ambokile anakula. Kisha akanusa uji. "Maji umeyachemsha," akasema. "Uji wa maji ya kuchemsha kwanza una harufu yake."

"Ndiyo, dada."

"Na wengine?"

"Wote wanachemsha."

Alikunywa kidogo. Hakunitazama kwa ubaya, heri angenitazama kwa ubaya.

"Mnachemsha kwa nini, Mama Bupe?"

Hapakuwa na Baraza mle ndani, wala unyoya. Askari alikuwa mbali anapiga mswaki. Nikavuta pumzi. Nikaisikia inajaa kifuani, inatosha kabisa, jibu lenyewe ni neno moja. Halafu nikaisikia inatoka, polepole, haina kitu ndani.

Tusajigwe akangoja mpaka ikaisha. Akainuka, akakifuta kile kiti kwa upindo wa kanga yake, akanisogezea.

"Kaa, mama, umetembea mbali," akasema. "Hakina neno."

Nikakaa. Kweli hakikuwa na neno.